Hita ya maji ya gesi inawaka halafu inajizima, fundi anataka kupiga dairekti sensa. Nimruhusu?

Mkaa_Mikindani

Wakuu habari za muda huu, wakubwa shikamooni.

Niko Mikindani, nasimamia nyumba ya wageni ya mama mdogo. Msimu wa korosho tunajaa wanunuzi na madereva wa malori, na miezi hii ya kusi mgeni akitoka bara anataka maji ya moto hata kama sisi wenyeji tunaoga ya baridi. Hita za umeme zilikuwa zinakula luku vibaya, ndiyo mama mdogo akashauriwa afunge hita ya gesi, ile ya ukutani inayochemsha maji yakiwa yanapita. Imefungwa ndani ya bafu la chumba cha mwisho, inalisha mabafu mawili. Mtungi wa kilo 15 uko nje.

Shida ni hii. Mgeni akifungua maji inapiga cheche, inawaka vizuri, moto wa bluu. Anaoga. Baada ya dakika nane au kumi inajizima. Akifunga na kufungua tena, inagoma. Mlango ukikaa wazi kidogo, inakubali. Betri nimebadilisha, mtungi nimebadilisha, hali ni ile ile.

Leo fundi kaja, kafungua kava, kasema tatizo ni kasensa kadogo kaliko juu karibu na bomba la moshi, kamekufa, na kengine mpaka kaagizwe Dar. Anasema atakapiga dairekti, waya kwa waya, elfu ishirini, wageni waoge. Mama mdogo keshakubali. Mimi roho inasita. Anarudi kesho saa nne asubuhi, wenye ujuzi naombeni muongozo kabla hajafika.

Ngisi Mkavu

Mtwara hii hii ya jasho mpaka usiku wa manane, watu mnachemsha maji ya kuoga? Wape ndoo na kata, wakilalamika waambie ndiyo utalii wenyewe.

Kijana wa Rahaleo

Mkuu wala usiumize kichwa. Hizi sensa za bei rahisi zinasumbua kila mahali. Piga dairekti, maisha yaendelee. Cha muhimu gesi isivuje.

Bi Mtanda

Ngisi, kuna watu wana watoto wachanga na wazee wa miguu, maji ya moto si anasa. Mkaa subiri waje wanaojua, usifuate kila anayepita. Nakaa hapa nisome, na mimi ninayo Lindi mjini ina visa vyake.

FundiMoto

Mkaa, huyo fundi akija kesho mpe chai, mpe nauli, arudi kwake. Asiguse huo waya.

Sensa hiyo ya juu ina kazi moja tu: kulinda moshi usirudi ndani. Bomba la moshi likivuta sawasawa, hewa iliyoungua inapanda na kutoka nje, sensa inabaki haina joto kubwa. Moshi ukikosa njia unageuka na kumwagikia chumbani, na pale unapomwagikia ndipo sensa ilipowekwa. Inapata moto, inakata umeme, koki ya gesi inafunga, hita inazima. Ikishapoa inaunganisha tena. Sasa hebu rudia kusoma ulichoandika mwenyewe: inawaka, inakaa, inazima, mlango ukiwa wazi inakubali. Sensa iliyokufa haina tabia hiyo. Iliyokufa kwa kawaida inakataa moja kwa moja, asubuhi mpaka jioni. Yako ni nzima na inafanya kazi. Wa kutafutwa ni anayeifanya izime.

Kuhusu kauli ya Rahaleo kwamba muhimu gesi isivuje: hapo ndipo watu wanapofia. Gesi ikivuja utaisikia, imetiwa harufu makusudi ili pua yako ikuamshe. Hewa ya sumu inayotoka kwenye moto uliokosa pumzi, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kuing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Anadhani ni malaria au chakula cha jana. Akiwa bafuni kajifungia komeo, anaanguka kabla hajafika kwenye komeo.

Piga hesabu na wewe. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika ina nguvu ya kilowati 10 mpaka 12. Kwa nguvu hiyo inakula karibu kilo moja ya gesi ya mtungi kwa kila saa moto unapowaka. Kilo moja ya gesi hiyo inataka meta za ujazo kama 12 za hewa ili iungue vizuri. Bafu la meta 1.5 kwa 2, dari meta 2.5, lina meta za ujazo 7.5 tu. Watu wawili wakioga kwa kufuatana nusu saa, moto umeshataka hewa karibu sawa na ya bafu zima. Na si lazima hewa iishe. Oksijeni kwa kawaida ni asilimia 21. Vile vihita vya chumbani vyenye ulinzi wa oksijeni hupangwa vijizime ikishuka kufika kama 18, maana chini ya hapo moto unaanza kutoa sumu.

Nina maswali. Bomba la moshi linaishia wapi? Usiniambie linapoingia, niambie linapotokea. Na dirisha la bafu likoje?

Mkaa_Mikindani

Asante mkuu. Nimepanda na tochi sasa hivi. Lile bomba la bati laini linalokunjika limetoboa jipsamu, na limeishia hapo hapo darini. Halijatoka nje ya bati. Mdomo wake unatazama mbao. Kuzunguka mdomo jipsamu imeshika weusi na unyevunyevu.

Dirisha ni la nyavu, ila limezibwa na nailoni ngumu kwa ajili ya mbu. Walioziba ni sisi.

FundiMoto

Basi mgonjwa tumemjua. Funga koki ya mtungi, toa betri kwenye hita, bandika karatasi kwamba isitumike. Leo hii, usisubiri kesho.

Na ulivyosema darini nimeogopa zaidi. Nyumba nyingi za wageni ukuta wa chumba unaishia kwenye jipsamu, juu yake dari ni moja kwa vyumba vyote. Moshi wa bafu la mwisho unatembea mpaka juu ya kitanda cha mgeni wa chumba cha tatu ambaye hata hajaoga. Je, kuna mgeni aliyewahi kulalamika kichwa asubuhi?

Mkaa_Mikindani

Wapo. Tulisema ni harufu ya rangi mpya.

Mzee Bahari

Vijana, ni kitu kile kile cha jiko la mkaa chumbani. Kila kusi tunasikia mtu kaingiza jiko ndani apashe nyumba, kafunga dirisha, asubuhi mlango unavunjwa. Watu wanadhani gesi ni safi kwa kuwa haitoi moshi wa kuonekana. Fundi, endelea.

FundiMoto

Shikamoo mzee. Ndiyo hivyo hivyo. Gesi ikipata hewa ya kutosha ni safi kuliko mkaa, ikikosa hewa ni mkaa uliojificha.

Mkaa, njia za kutengeneza ziko mbili. Ya kwanza, ninayoipenda mimi, ni kuitoa hita bafuni kabisa. Uingereza kanuni zao za 1998 zinakataza kufunga bafuni kifaa cha gesi kinachovuta hewa ya humo humo ndani; kinachoruhusiwa ni kile kilichofungiwa, kinachovuta hewa ya nje na kutoa moshi nje. Kwetu mafundi wanafunga tu popote penye bomba la maji. Ihamishie ukuta wa nyuma, kwenye baraza iliyo wazi, maji ya moto yaingie ndani kwa bomba. Angalia kitabu chake kama kinaruhusu kukaa nje, maana zilizotengenezwa kukaa ndani zinasumbuliwa na upepo na mvua. Kusi ya Mikindani inaweza kuzima moto wake, kwa hiyo itataka kinga ya upepo isiyoziba hewa. Isikae chini ya dirisha la chumba cha mtu.

Ya pili ni kuiacha ndani ya nyumba lakini nje ya bafu, bomba la moshi gumu, linalopanda moja kwa moja kadiri inavyowezekana, litoke juu ya bati likiwa na kofia, na ukuta uwe na tundu la hewa chini na jingine juu. Matundu ambayo hakuna atakayeyaziba na nailoni.

Ukimaliza, jaribio la kienyeji lisilodanganya: washa hita dakika tano, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kama mgeni anavyofunga, halafu chukua udi uliowashwa, usogeze pale chini ya kofia ya hita moshi unapoanzia safari. Moshi wa udi ukivutwa ndani, bomba linavuta. Ukisukumwa kuja usoni kwako, zima, fungua milango, bado hujamaliza kazi.

Bi Mtanda

Udi huku kwetu haukosekani, hilo jaribio nimelipenda. Fundi, hita yangu ni kinyume: haipigi cheche kabisa. Nafungua maji, kimya. Nikifungua bomba la uani inazidi kuwa bubu. Maji yangu ya simtanki.

FundiMoto

Dada, simtanki iko juu kiasi gani kutoka kwenye hita?

Bi Mtanda

Iko juu ya paa la choo cha nje. Kutoka kwenye hita kama meta moja na kidogo.

FundiMoto

Hapo hapo. Hita hizi haziwashwi na mkono, zinawashwa na maji. Ndani kuna kiwambo cha mpira. Maji yakipita kwa nguvu yanakisukuma, kinabonyeza swichi, cheche inaanza, gesi inafunguka. Maji yakiwa dhaifu kiwambo hakisogei. Kila meta moja ya kimo inakupa msukumo wa baa 0.1 tu, na hita nyingi zinataka walau baa 0.2, nyingine zaidi. Ndiyo maana ukifungua bomba la uani unaimalizia kabisa. Pandisha tanki, au weka pampu ndogo.

Kabla ya kutoa hela, funga maji, fungua nati ya bomba linaloingiza maji ya baridi, utaona kichujio kidogo cha waya. Kitoe, kioshe. Visima vyetu vina mchanga na kutu, nimeshakutana na vilivyojaa mpaka vimekuwa kama kizibo. Kisha fungua sehemu ya betri. Ukanda wetu huu wa bahari chumvi inakula vile vibati vya kugusia betri vinakuwa kijani. Sugua na msasa laini. Kama maji yana nguvu, kichujio safi, betri nzima na bado kimya, kiwambo kimechanika au swichi imekufa, hapo ita fundi.

Na kwa wengine: ikipiga cheche bila kuwaka, mara nyingi gesi haifiki, mtungi umeisha, koki imefungwa, au umebadilisha mtungi na kuna hewa kwenye mpira. Ikiwaka sekunde chache tu ikazima, angalia kile kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya moto na kuuambia mtambo kwamba moto upo. Kikishika masizi au kikipinda nje ya moto, mtambo unaamini hakuna moto na unafunga gesi kwa usalama. Kisafishe kikiwa cha baridi, kirudi palepale. Ikizima kila baada ya dakika 20 kamili, soma kitabu, nyingi zimepangiwa muda.

Kosa jingine ninaloliona Chikongola na Majengo ni mtungi wa kilo 6 kwenye hita. Gesi ndani ya mtungi imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, kama maji. Ili iwe hewa inataka joto, na mtungi mdogo hauna ukuta wa kutosha wa kuvuta joto. Unautazama unatoa jasho, unakuwa baridi, moto unapungua. Watu wanaulaza au kuutingisha. Usiulaze kamwe, hicho kimiminika kitapita kwenye regulata, kile kichwa kinachopunguza msukumo wa gesi, na moto utaruka. Na msifunge regulata ya majiko makubwa ya wapika pilau kwenye hita. Regulata ya nyumbani ni milibaa 28 mpaka 30, zile za kuzungusha zinapeleka mara nyingi zaidi ya hapo.

Kijana wa Rahaleo

Sawa fundi, nimekubali la sensa. Sasa nisaidie mimi. Mtaani kwetu tumeunganishiwa gesi ya bomba. Hatimaye, maana gesi imegundulika Mnazi Bay mwaka 1982 na sisi tukawa tunapikia mtungi unaoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Nina jiko langu la mtungi na ndugu yangu ana hita kama ya Mkaa. Si tunabadilisha mpira tu?

Ngisi Mkavu

Bomba likaondoka Madimba 2015 kwenda Dar, sisi tukabaki kulinda mkuza, njia linapopita.

FundiMoto

Ngisi, siasa ina uzi wake.

Rahaleo, usibadilishe mpira tu. Gesi ya bomba ni methani karibu yote. Meta moja ya ujazo ina megajuli kama 38. Ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na propani peke yake ina kama 93. Kwa hiyo tundu la nozeli la jiko la mtungi ni dogo na la jiko la bomba ni kubwa, na msukumo wake nao si sawa. Ukiunga jiko la mtungi kwenye bomba, moto unakuwa mnyonge, sufuria la maharage haliivi leo. Ukifanya kinyume, kifaa cha gesi ya bomba kikaungwa kwenye mtungi, moto unakuwa mrefu wa njano, masizi, na ile sumu tuliyoisema. Huyo wa pili ndiye hatari. Majiko mengi yana nozeli za kubadilisha, zinaandikwa namba ndogo za mia ya milimeta, waachie waliokuunganishia wafanye na waweke alama ya gesi gani. Hita, soma kibandiko chake: kama imeandikwa gesi ya mtungi peke yake na mtengenezaji hatoi vipuri vya kubadilishia, tafuta nyingine. Usitoboe nozeli kwa msumari. Nimeona.

Kuna kingine kwa mji wetu wenye gesi mbili. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia kwenye shimo, kwenye mfereji, chini ya kitanda. Fungua milango, ifagie kwa hewa itoke chini. Ya bomba ni nyepesi, inapanda, inakaa darini. Tundu la hewa la juu ndilo linaloitoa. Ndiyo maana anayehama kutoka mtungi kwenda bomba akabaki na tundu la chini peke yake hajafanya kitu.

Bi Mtanda

Na ukisikia harufu usiku?

FundiMoto

Usiwashe taa. Usizime pia, kama inawaka iache, swichi inatoa cheche pande zote mbili. Usiwashe kiberiti kutafuta inapovuja, usipige simu humo ndani. Funga koki kama unaifikia, fungua milango, toa watu, ukiwa nje na mbali piga 114 ya Zimamoto. Kutafuta panapovuja ni kwa povu la sabuni, asubuhi, kwenye kila kiungo: regulata, klipu, nati ya hita. Mapovu yakikua, hapo. Mpira wenye nyufa ukiupinda, tupa, usiuzungushie selotepu.

Msimbati Mbali

Wakuu salaam, mimi mzaliwa wa Msimbati, sasa niko California. Nimecheka Ngisi aliposema jasho, huku usiku wa baridi natamani hilo jasho. Apartimenti yetu ni ya zamani, kuna hita ya gesi imezamishwa ukutani sebuleni, ya kupasha nyumba. Ina kimoto kidogo kinachokaa kinawaka muda wote chini. Wiki hii kimezima. Nabonyeza kitufe, kinawaka, nikiachia kinazima. Jirani kaniambia nibane kitufe kwa kibanio kisiachie. Baada ya kusoma habari ya dairekti nimesita.

FundiMoto

Umefanya vizuri kusita, maana hicho kibanio ni dairekti ile ile ya Mikindani.

Hita za aina hiyo nyingi hazihitaji umeme wa ukutani. Kile kimoto kidogo kinapasha kijiti, themokapo au themopaili, na joto hilo linazalisha umeme kidogo sana: themokapo nzima inatoa milivolti 25 mpaka 30, themopaili ni nyingi zilizofungwa pamoja, inatoa mpaka 750. Umeme huo ndio unaoshikilia koki ya gesi iwe wazi. Kimoto kikizima, kijiti kinapoa, koki inajifunga, gesi haijazi sebule. Ukibana kitufe umeifuta hiyo akili yote.

Utaratibu wa kuwasha upo kwenye kibandiko ndani ya mlango wake: zungusha kitufe kwenye kuzima, subiri dakika tano gesi iliyobaki itawanyike, nusa, chini karibu na sakafu pia. Hakuna harufu, ndipo upeleke kwenye alama ya kimoto, bonyeza, washa, shikilia mpaka dakika moja kijiti kipate joto, achia taratibu. Kikizima tena, tazama kimoto chenyewe. Kinatakiwa kiwe cha bluu na kilambe ncha ya kijiti. Kikiwa kifupi cha njano, tundu lake limezibwa na vumbi au utando wa buibui. Buibui wanavijua hivi vibomba vya gesi. Kikiwa kizuri na bado hakishiki, kijiti kimechoka au nati yake imelegea.

Lakini wewe ni mpangaji. Mwite mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni, usifungue koki ya gesi mwenyewe. Mwambie akague na lile sanduku la bati ambalo moto unapashia hewa. Hita kuukuu hupasuka nyufa pale, na moshi unachanganyika na hewa ya sebuleni. Bomba la moshi mpaka juu ya paa nalo, ndege wanajenga humo. Kazi yako wewe ni vumbi la nje ya kava ikiwa imezimwa na imepoa, kutoegemeza kochi wala kuanika nguo hapo, na king'ora cha kaboni monoksaidi. Sheria ya California inataka kiwepo kwenye apartimenti zenye vifaa vya gesi tangu 2013. Kipo?

Msimbati Mbali

Kipo ukumbini, hakina betri. Walitoa kwa sababu kilikuwa kinalia.

FundiMoto

Weka betri leo, na angalia tarehe yake nyuma, vina umri. Kikilia tena na nyote mnaumwa kichwa, tokeni nje kwanza mjadiliane huko.

Mkaa_Mikindani

MREJESHO

Wakuu, nimerudi. Fundi wa dairekti alikuja kweli saa nne, mama mdogo akataka kazi ifanyike kwa kuwa kuna wageni wa kulala wiki nzima. Nikampandisha mama mdogo kwenye ngazi na tochi, akaona mdomo wa bomba umetazama mbao iliyoungua weusi. Akashuka, hakusema kitu, akamlipa fundi nauli.

Tumepata fundi mwingine. Hita imehamia baraza ya nyuma, kitabu chake kinaruhusu penye paa. Kaijengea kinga ya bati upande wa kusi, bomba gumu limepanda mpaka juu ya paa na kofia. Nati za mwanzo zilikuwa zimeliwa na chumvi, zimewekwa za shaba. Kila kiungo kimepakwa povu, kimoja kwenye regulata kilitoa mapovu, kimekazwa, kimepimwa tena. Tundu la jipsamu limezibwa, nailoni ya dirishani imetolewa, tumeweka wavu mpya wa mbu.

Ile sensa "iliyokufa" aliipima na multimita mbele yangu, ikapitisha umeme, yaani ni nzima. Imerudishwa palepale. Juzi wageni wameoga kwa kufuatana mpaka wakachoka, haikuzima. Udi tulifanya, moshi ulivutwa. Swali moja limebaki, mama mdogo anataka mtungi huo huo ulishe na jiko la chai.

FundiMoto

Safi sana. Inawezekana, lakini si kwa kuunga mpira katikati na kipande cha bomba la maji. Weka kiungo cha njia mbili cha gesi chenye koki kila upande, na regulata inayobeba vyote kwa pamoja. Soma kilo kwa saa zilizoandikwa juu yake. Ndogo ikizidiwa, mgeni akifungua maji jiko la chai linasinzia.

Ngisi Mkavu

Fundi, nimesoma uzi wote bila utani safari hii. Bibi yangu yuko Newala, kule juu miezi hii baridi ni ya kweli, si ya kuigiza. Nikimpelekea hita kama hii itamfaa?

FundiMoto

Newala nianze kukuuliza maji kabla ya moto. Bibi anatumia bomba, au maji ya mvua kwenye tanki la chini?

Ngisi Mkavu

Tanki la chini. Anachota kwa ndoo.

FundiMoto

Basi hita hii haitawaka hata siku moja, haina maji ya kusukuma kiwambo. Mnunulie jiko la gesi la plate mbili, mtungi wa kilo 15, mpira mpya na klipu za chuma, sufuria kubwa lenye mfuniko. Jiko likae jikoni penye dirisha, mtungi usimame wima. Na bibi aelekezwe kufunga koki ya mtungi kila akimaliza, si kitufe cha jiko peke yake.